Mwiba umetoka, mbona usaha haukomi?

*"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Wiki mbili zilizopita alichomwa na mwiba wa mgunga unyayoni akichunga mbuzi na binamu zake huko Manyoni. Baba yake mdogo aliutoa kwa sindano ya kushonea. Siku ya nne mguu ukavimba ukaanza kutoa usaha. Duka la dawa walitupa amoksilini, pamoja na prednisoloni za kupunguza uvimbe, ambazo amekunywa siku tano. Usaha ulipungua, sasa umerudi, na ametoka mtoki. Kituo cha afya walimpiga eksirei hawakuona kitu. Kipimo cha damu, kilichochukuliwa akiwa bado anakunywa vidonge, kilionyesha chembe nyeupe 15,800, nyutrofili asilimia 79, wingi wa damu 11.9, chembe sahani 410,000. Mwaka jana alipimwa chembe nyeupe zikawa 3,600, tukaambiwa kinga yake iko chini. Sasa jirani anasema zikizidi ni saratani ya damu. Mwingine anasema damu yake ni chafu, tumkamue mpaka uchafu uishe. Bibi yake anambandika kitunguu saumu. Nimeuziwa na kopo la virutubisho vya kuongeza kinga, shilingi 65,000. Daktari, kinga ya mwanangu imezidi au imepungua? Vile vidonge vimebaki, niendelee? Na hizo chembe nyeupe, kama ni nyingi hivyo, mbona hazimalizi kazi?"*

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Nilipoanza kusoma nilidhani nitajibu habari za jipu tu, nikafika mwisho nikakuta umeuliza swali ambalo hata wanafunzi wetu wa udaktari hulipita: kama ni nyingi hivyo, mbona hazimalizi kazi? Ndilo swali lenyewe, na jibu lake ndilo litakaloamua mtoto apelekwe wapi. Lakini kwanza tuiondoe hofu ya saratani, maana ukiwa nayo kichwani hutasikia lingine.

Karatasi uliyonayo haionyeshi saratani ya damu. Katika saratani hiyo, uboho wa mifupa, ambako chembe zote za damu huzaliwa, hujaa chembe changa zisizokomaa zinazozinyima nyingine nafasi. Mgonjwa huishiwa damu, chembe sahani (zile za kugandisha damu) hushuka, fizi na pua hutoka damu, alama za michubuko hutokea bila kugongwa popote. Mwanao ana damu ya kutosha, chembe sahani zimejaa (maambukizi huzipandisha kidogo, hilo ni kawaida), na zilizoongezeka ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, yaani zilezile ambazo ningeshangaa zisiongezeke kwa mtoto mwenye usaha mguuni. Kwa umri wake tunategemea chembe nyeupe kati ya 4,500 na 13,500 hivi katika kila maikrolita ya damu. 15,800 zimepanda, hazijafurika. Tena katika hizo 15,800 kuna sehemu ambayo nadhani ilipandishwa na vidonge mlivyopewa, na nitaieleza.

Habari ya damu chafu nayo tuiweke kando. Usaha haukuwa unazunguka kwenye damu yake ukitafuta pa kutokea. Umetengenezwa palepale unyayoni. Sehemu kubwa ya kile unachokifuta kwa pamba ni nyutrofili zilizokufa kazini, pamoja na bakteria, maji na mabaki ya nyama iliyoyeyuka. Hata ule ukijani unaotutisha, mara nyingi ni rangi ya kimeng'enya ambacho nyutrofili hukibeba tumboni kwa ajili ya kuulia vijidudu.

Sasa, zimefikaje unyayoni? Hapa nina kisa kinachokuhusu kuliko unavyodhani, kwa sababu nacho kilianza na mwiba. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi aliyeitwa Ilya Mechnikov alibaki nyumbani peke yake familia ilipokwenda kutazama sarakasi. Alikuwa akichunguza kwa hadubini watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao wana mwili angavu kama kioo, mtu anaona hadi ndani. Zama zile wasomi wengi waliamini kwamba chembe nyeupe huwabeba vijidudu na kuwasambaza mwilini. Mechnikov akawaza tofauti. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawachoma nayo wale viumbe chini ya ngozi. Kesho yake asubuhi akakuta mwiba umezingirwa na chembe zinazotambaa, zimekuja zenyewe kutoka sehemu nyingine za mwili. Kiumbe yule hana mishipa ya damu wala ubongo wa kutoa amri. Mwaka 1908 Mechnikov alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi zao juu ya kinga ya mwili. Kumbuka picha ile ya mwiba uliozingirwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili. Siupendi sana mfano huo. Askari ana mkuu wake na hungoja amri. Nyutrofili hufuata harufu. Mfano wake ni sisimizi na sukari: hakuna aliyewatuma, ila punje ikidondoka jikoni usiku, asubuhi unakuta mstari. Mwiba ulipopenya, chembe zilizopasuka na zile za ulinzi zinazoishi ndani ya ngozi zilimwaga kemikali za kuita. Bakteria nao wakajisaliti wenyewe, kwa sababu protini zao huanza na kipande chenye alama ambayo protini nyingi za miili yetu hazina, na nyutrofili inaitambua alama hiyo hata ikiwa kidogo mno.

Shida ya kwanza ni kushuka. Nyutrofili inapita kwenye damu kwa kasi, na kupita tu jirani na kidonda hakusaidii kitu. Kwa hiyo mishipa midogo iliyo karibu na kidonda hutanuka, damu hupungua mwendo (ndio ule uvimbe na joto unalolisikia ukimgusa), na kuta zake kwa ndani huota vinasio. Umewahi kupita porini ukatoka na mbegu za kishona nguo kwenye sketi? Ndivyo vinavyoshika: vinashika kidogo, vinaachia, vinashika tena. Nyutrofili huanza kubiringika ukutani badala ya kupita. Ikinusa kemikali zilizotandazwa pale, hukaza mshiko wa pili, wenye nguvu zaidi, ikasimama kabisa. Kisha hujinyoosha na kujipenyeza katikati ya chembe mbili za ukuta wa mshipa, ikatokea upande wa pili, ndani ya nyama. Kiini chake kimegawanyika vipande kama shanga kwenye uzi, jambo linaloirahisishia kupita penye upenyo mwembamba.

Kutoka hapo ni kutambaa. Upande wa chembe ulio karibu na harufu kali hujitokeza kama kiguu, mwili mzima unavutwa kukifuata, halafu kiguu kingine. Mwendo wake ni kama maikromita 10 kwa dakika; milimita moja inaichukua zaidi ya saa moja na nusu. Ajabu ni kwamba ikifika na kuanza kazi, yenyewe hutoa harufu ya kuwaita wengine, na wale wakifika huita wengine tena, mpaka kidonda kinajaa kama siafu waliomvamia panzi.

Halafu kula. Kabla ya kula, protini za damu na kingamwili huwa zimeshampaka bakteria ili ashikike vizuri. Waliozipa protini hizo jina waliziita opsonini, kutoka neno la Kigiriki la chakula kinachosindikiza mkate, kile sisi tungekiita kitoweo. Bakteria akishamezwa, hufungiwa kwenye kifuko na kumwagiwa sumu, mojawapo ikiwa asidi ileile inayoua vijidudu tunapotia klorini kwenye maji ya kunywa. Mwaka 2004 watafiti mjini Berlin walionyesha hila nyingine: nyutrofili inaweza kutapika nyuzi zake za urithi zikawa kama wavu wa kunasia bakteria, ingawa hapo yenyewe ndiyo kwaheri.

Sumu hizo hazichagui sana. Zikimwagika huyeyusha na nyama iliyo jirani, ndiyo maana jipu huwa na shimo. Nyutrofili yenyewe huishi muda mfupi, saa au siku chache, na mwili umejipanga kwa hilo: uboho wa mtu mzima hutoa takriban bilioni 100 kila siku hata akiwa mzima, na wakati wa maambukizi huongeza. Kidonda kikisafika, wito hukoma, na chembe kubwa zaidi zinazoitwa makrofaji huja kula maiti na kuanza ukarabati. Hapo ndipo kidonda hukauka.

Cha mwanao hakikauki, maana yake wito haujakoma. Nina mashaka ya mambo matatu, na la kwanza ndilo kubwa.

Mwiba haukutoka wote. Mwiba wa mgunga ni mrefu na ncha yake hukatika kirahisi, na sindano ya kushonea huondoa kile kinachoonekana. Nyutrofili inaweza kumeza bakteria. Haiwezi kumeza kipande cha mti kilichoizidi ukubwa mara maelfu. Inachoweza ni kukizingira, kama walivyofanya wale wa Messina, kufa, na kuita wengine. Bakteria wamejificha kwenye matundu ya mti, dawa inawapunguza, usaha unapungua, dawa ikiisha wanarudi. Kisa chako neno kwa neno. Na eksirei kutoona kitu hakunipi utulivu hata kidogo, kwa sababu eksirei huona chuma, na mara nyingi huona chupa, lakini mti kwa kawaida haiuoni. Anayehitaji kumwona mwanao ni mtu wa altrasaundi, ileile ya wajawazito, kwa kifaa kinachotazama karibu na ngozi. Ukikumbuka jambo moja tu katika barua hii, liwe hilo.

La pili ni ukuta. Bakteria wanaosababisha majipu mara nyingi ni wale waitwao stafilokoko, na hawa wana ujanja wa kugandisha protini za damu ziwazunguke. Mwili nao hujenga ukuta wake kwa nje ili maambukizi yasisambae. Ndani ya ukuta hakuna mishipa ya damu, hewa ya oksijeni ni haba, na nyutrofili inahitaji oksijeni kutengeneza zile sumu zake kali. Dawa ya kunywa nayo husafiri kwa damu, kwa hiyo inafika mlangoni tu. Ndiyo sababu tangu zamani jipu lililoiva hutibiwa kwa kupasuliwa. Ongeza hapo kwamba stafilokoko wengi siku hizi wanaivunja amoksilini. Ikiwa peke yake haifui dafu mbele yao.

Jirani anayesema mkamue amekaribia ukweli kwa nusu, kwamba usaha unapaswa kutoka. Ila kukamua kwa vidole hupasua ukuta upande wa ndani, na unyayo una vyumba vya kina vyenye kano na viungo ambako usaha ukiingia kuutoa ni kazi nyingine. Msikamue. Apasuliwe na mwenye ujuzi, kwa ganzi, shimo liachwe wazi lijichuje.

La tatu ni vile vidonge. Prednisoloni ni dawa nzuri mahali pake, nimeona ikiwaokoa wenye pumu. Lakini kwa jipu imefanya kinyume cha tulichotaka. Kawaida karibu nusu ya nyutrofili zilizo ndani ya mishipa huwa zimegandamana na kuta, na mashine ya maabara haizihesabu. Prednisoloni huzibandua zirudi kwenye mkondo, na huzizuia kushika ukuta karibu na kidonda. Hesabu kwenye karatasi inapanda, zinazofika unyayoni zinapungua. Ni kama kuhesabu daladala zinazopita barabarani ukasema leo usafiri ni mzuri, kumbe hazisimami kituoni. Uvimbe ulipungua, ndiyo, kwa sababu kazi ilipungua. Kwa hiyo jibu la swali lako: usiendelee. Siku tano ni chache, anaweza kuacha bila kushusha dozi polepole. (Anayezinywa kwa wiki kadhaa kwa ugonjwa mwingine asisome hapa akakatisha ghafla, huyo aongee na daktari wake.)

Mtoki haukuja na ugonjwa mpya. Majimaji ya mguu mzima hupanda kupitia mirija yake hadi kwenye tezi za kinena, na huko aina nyingine ya chembe nyeupe, limfosaiti, huonyeshwa vipande vya bakteria na kujiongeza. Tezi hujaa na kuuma. Msiukande wala kuuchanja. Mguu ukipona utanywea wenyewe, ingawa unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiwa mkubwa zaidi kila siku, au ukilainika kama umejaa maji, uonwe.

Sasa zile 3,600 za mwaka jana. Mtu mwenye homa ya virusi, au hata malaria, chembe nyeupe zinaweza kushuka kwa muda, na ukimpima siku hiyo utamwita mnyonge wa kinga bure. Kuna na sababu nyingine ambayo maabara nyingi hazimwambii mgonjwa. Sisi Waafrika wengi, hasa wa kusini mwa Sahara, tumezaliwa bila protini iitwayo Duffi kwenye chembe nyekundu. Kukosa huko ni kinga kubwa dhidi ya aina moja ya malaria, ya vivaksi, na huambatana na kuwa na nyutrofili chache kwenye damu kuliko Wazungu, ambao kwao ndiko viwango vingi vilivyochapishwa kwenye mashine vilikotoka. Watu hawa hawaugui zaidi ya wengine. Sikumpima mwanao na siwezi kuapa ndiyo hali yake, lakini tazama: mwiba ulipoingia, chembe zake zilipanda, zikaenda, zikatengeneza usaha. Watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu ya mshiko ule wa ukutani huwa na chembe nyeupe nyingi mno kwenye damu na vidonda visivyotoa usaha kabisa, na kitovu chao huchelewa kudondoka. Usaha wa mwanao, unaokuchukiza, ni ushahidi kwamba njia yote kutoka ubohoni hadi unyayoni inafanya kazi.

Kinga yake, basi, haijazidi wala haijapungua. Kopo la shilingi 65,000 halina cha kuongeza. Likirudishika dukani, rudisha, pesa hizo zisaidie altrasaundi. Mtoto ale chakula cha kawaida, maharage, mayai, mboga za majani. Na kitunguu saumu, kwa heshima zote kwa bibi, kiondolewe: kikikaa juu ya ngozi kinaiunguza kweli, na kidonda cha kuungua juu ya jipu hatukihitaji. Maji safi na sabuni, kitambaa safi cha kufunika, mguu uinuliwe anapolala.

Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa wiki hii, msingoje dozi nyingine ya duka la dawa iishe. Waeleze kwamba ni mwiba wa mti, kwamba ulitolewa kwa sindano, na kwamba eksirei haikuonyesha kitu. Taja dawa zote alizokunywa, hasa prednisoloni. Omba usaha uchukuliwe ukaoteshwe maabara, ili dawa ichaguliwe kwa kujua adui ni nani. Kama siku ile alikuwa amevaa raba na mwiba ukapita kwenye soli, waambie pia, maana soli za raba zenye unyevu hubeba bakteria wengine wanaopenda mfupa na wanaohitaji dawa tofauti. Kama ana selimundu, au hamjui, sema. Mfupa wake uko kwenye hatari zaidi. Si vibaya wakampima na sukari, kwani sukari ikiwa juu nyutrofili huzubaa.

Na pepopunda. Hapa chembe nyeupe hazitamwokoa, kwa sababu kinachoua ni sumu inayofuata mishipa ya fahamu, na mchomo wa ndani usio na hewa ndio makazi ya bakteria wake. Chukua kadi ya kliniki. Kwa kidonda kama hiki, ikiwa imepita zaidi ya miaka mitano tangu sindano ya mwisho, anahitaji nyingine, na akiwa hakumaliza zile za utotoni waambie hivyo.

Usingoje wiki wala kesho, ondoka usiku huohuo, ukiona homa ya kutetemeka, anahema haraka au amelegea na hajielewi. Maumivu makali kupita ukubwa wa kidonda, au ngozi inageuka nyeusi-buluu na kutoa malengelenge. Mstari unaopanda mguuni kutoka kwenye kidonda (kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, pitisha mgongo wa mkono usikie joto na mkazo). Kifundo cha mguu kimevimba hawezi kukikunja. Au taya linakaza na anashindwa kufungua mdomo.

Kipande kikitoka na usaha ukachujwa, ndani ya siku mbili tatu maumivu yanapaswa kupungua waziwazi. Yasipopungua, mrudishe, huenda kipo kingine au mfupa umeguswa. Baada ya wiki nne hivi, akiwa mzima kabisa na hanywi dawa yoyote, rudia kipimo cha damu. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha kiwango chake mwenyewe. Iweke ndani ya kadi yake pamoja na zile mbili za kwanza, ili siku nyingine mtu akisoma 3,900 na kutikisa kichwa, uwe na cha kumwonyesha.